Fundi wa Sare Anachagua Shule

Katika mji mzima hakuna aliyezijua shule za sekondari za serikali kama mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kukalia dawati hata siku moja. Watu walimwita Fundi, na hilo lilimtosha. Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao, mkabala na geti la shule ya msingi. Ndani mlikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia vitambaa, pasi, na kamba iliyovutwa ukuta hadi ukuta ikiwa imetundikwa sare za watoto wa watu. Sare mpya zilishonwa na wenye maduka makubwa ya katikati ya mji. Yeye alikuwa wa kurekebisha: kola iliyochakaa aigeuze, zipu iliyokufa aitoe, goti lililotoboka alitie kiraka, kiuno akipanue au akipunguze.

Majina ya shule hakuweza kuyasoma, kwa hiyo alizipa majina yake mwenyewe kwa rangi za nguo, na watu wakayazoea. Kulikuwa na Bluu, shule ya bweni ya wasichana, ile inayotajwa redioni kila matokeo yakitoka. Kulikuwa na Kijivu, shule ya ufundi. Kulikuwa na Maruni, ya kutwa, iliyo karibu hata kengele yake ilisikika kibandani. Na kulikuwa na Kijani, nayo ya kutwa, shule mpya ng'ambo ya viwanda, ambayo haikuwa imetimiza hata miaka mitatu.

Nguo zilimweleza mambo ambayo wenye nguo hawakuyasema. Mashati ya Maruni yalikuja yamekosa vifungo vitatu kwa mpigo, kama ya mtu aliyekwidwa. "Pale wanapigana," alisema Fundi, na kweli walipigana. Mashati ya wavulana wa Kijivu yalikuja na matundu ya kuungua kwenye mikono, na mifuko iliyolegea kwa kubeba koleo na bisibisi. Lakini ya wasichana wa shule hiyo hiyo yalikuja na mikono misafi kama yametoka dukani leo, ila sketi ndizo zilizong'aa makalioni. Hapo hakuhitaji kuelezwa na mtu. Wavulana walishika vyuma, wasichana walikaa kwenye benchi wakawatazama.

Na Bluu? Za Bluu zilikuja na kola zilizotafunwa. Si kuchakaa, kutafunwa, alama za meno zinaonekana, hata kuigeuza kola haikusaidia maana pande zote mbili zilikuwa zimekwisha. Ilibidi aikate yote na kuweka mpya. Kisha kila likizo mama zao walileta sketi zipunguzwe kiuno. Vidole viwili likizo hii, vidole viwili likizo ijayo.

Za Kijani hazikuja kabisa. Miaka miwili na nusu, hata kifungo kimoja. Fundi akakata shauri kwamba pale hapakuwa na kinachofanyika. Ama watoto hawaendi, ama ni watoto wa wenye nazo wanaotupa nguo ikichafuka. Shule ambayo hakuna anayechana hata pindo, alisema, ni shule ya kukaa kivulini.

Alikuwa na binti mmoja, wa darasa la nane, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza. Alizungumza akila, akifagia, akipiga mswaki. Lakini hakuwa msemaji wa bure. Tangu darasa la tano hakuna aliyemtoa kwenye nafasi ya kwanza, na Fundi, ambaye hakuweza kuisoma ripoti, alijua mahali namba moja inapokaa kwenye karatasi na aliitazama hiyo kwanza, kisha akaikunja na kuiweka ndani ya droo ya cherehani, pamoja na sindano zake nzuri.

Baba yake Chiriku alikuwa karani. Hakuzaliwa karani. Alipomwoa Fundi alikuwa mbeba magunia, na ukarani ule ulishonwa kwenye cherehani ile ile. Miaka minne Fundi alikanyaga, mume akasoma masomo ya jioni. Siku ya mahafali, suruali aliyovaa mume, Fundi ndiye aliyeipinda pindo. Haukupita mwaka bwana akaona kwamba mke asiyejua kushika barua upande wa juu anamwaibisha mbele za watu, akahamia kwa mwanamke aliyekaa naye dawati moja kwenye masomo hayo hayo. Fundi hakulia barabarani kama wengine walivyotarajia. Alilia mara moja, ndani, huku pasi ikiunguza shati la mteja, akalilipa shati, basi. Lakini uchungu ule hakuumeza wala hakuutema. Aliubeba shavuni, na ukimgusa kidogo tu uliusikia kwenye ulimi wake.

Jumatatu moja Chiriku aliingia kibandani akihema.

"Mama, fomu imekuja."

"Ya nini?"

"Ya kuchagua sekondari. Mistari mitatu. Irudi Ijumaa. Na Mwalimu Mkuu kasema mstari wa kwanza ndio wenye mambo, kwa sababu Bluu hawamchukui mtu aliyewaweka wa pili. Wana maringo hao, mama! Ukiwaweka wa pili wanakufuta kabisa, hata uwe umepata mia kwa mia. Na ukishaandika hubadilishi."

"Wewe unataka ipi?"

"Kijani."

Fundi akaacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka lenyewe mara mbili, likasimama.

"Kijani ipi? Hii ya nguo zisizochakaa?"

"Mama, mwalimu wao alikuja darasani kwetu na sinia la udongo wenye sisimizi, na lenzi moja. Akatuuliza maswali, tukajibu. Kila tukijibu akasema, 'Mmejuaje?' Basi! 'Mmejuaje?' Darasa zima kimya. Mama, mimi nimejibu maswali tangu darasa la kwanza, hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza nimejuaje."

"Na wewe ulijibuje?"

"Nikanyamaza."

"Wewe? Ukanyamaza?" Fundi akamtazama binti yake juu ya miwani. "Huyo mwalimu mchawi."

Wakacheka. Lakini Fundi hakukubali. Alimwambia wazi kwamba hampeleki mwanawe kwenye shule isiyo na alama hata moja kwenye nguo. Bluu nayo hakuipenda. Kijivu wangemkalisha kwenye benchi, Maruni wangemng'oa vifungo. Chiriku akauliza, sasa ni ipi? Fundi akasema asimharakishe, na usiku huo hawakulizungumza tena.

Kesho yake, Jumanne, saa za mchana, bwana karani alijileta mwenyewe. Alikuwa hajakanyaga kibandani kwa mwaka na ushei. Alisimama mlangoni kwa viatu vinavyong'aa, akatafuta mahali safi pa kuegemea, akakosa.

"Mama Chiriku, habari za hapa?"

"Hapa pazuri, Bwana Karani. Umekuja na nguo?"

"Nimekuja kwa ajili ya fomu. Mwalimu Mkuu kanipigia simu. Mtoto aende Bluu, hilo halina mjadala. Ofisini nimeshawaambia."

"Umewaambia kabla ya kumwuliza mwenyewe?"

"Nimwulize nini? Mtoto wa darasa la nane anajua nini? Ile shule imetoa madaktari, imetoa mahakimu. Watu wanalia kuipata, sisi tunaletewa mkononi."

"Sisi?" Fundi akaichukua kola ya Bluu kutoka kwenye kapu la vipande, akamtupia. "Tazama hiyo."

Akaishika kwa ncha za vidole. "Nini hii?"

"Watoto wanaofanywa hao mahakimu wanakula kola zao. Nimeng'oa tisa likizo iliyopita. Na viuno vinapungua kila muhula. Uliza hilo ofisini kwenu."

Karani akacheka, kicheko kile cha puani ambacho Fundi alikuwa amekisahau na sasa akakikumbuka chote. "Wewe mwanamke! Yaani mtoto akose Bluu kwa sababu ya matambara? Usijitie kujua mambo ya shule. Wewe shule umeijulia kwenye pindo."

"Heri mimi niliyeijulia kwenye pindo. Wewe uliyeingia ndani imekufunza nini? Kukimbia?"

Nyuma ya pazia Chiriku, aliyekuja kula chakula cha mchana, alipaliwa na maji aliyokuwa akinywa. Karani akajikohoza, akairudisha kola mezani, akavuta shati lake chini. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Sema utakavyo. Hujawahi kuingia ndani ya geti la sekondari hata moja. Hata moja. Sasa unamchagulia nini mtoto?"

Akaenda zake. Fundi akakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Kati ya yote aliyoyasema yule bwana tangu amjue, hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilimkata maini. Alizijua shule zote kwa nyuma, upande wa bitana. Upande wa mbele hakuwahi kuuona.

Jumatano asubuhi wateja walikuta kibanda kimefungwa. Haikuwa kawaida. Mwenye duka la jirani alidhani kuna msiba. Fundi alikuwa amemwombea Chiriku ruhusa, amevaa viatu vya kutokea, amechomeka sindano tatu kwenye ukosi wa koti kwa mazoea, na wote wawili walikuwa njiani kuelekea Bluu.

Usimcheke, lakini alipoiona alitamani. Njia ya kuingilia ilikuwa imepangwa mawe meupe pande zote mbili, nyasi zimekatwa sawasawa, madirisha yote yana vioo, na ubavuni kulikuwa na jengo zima la vitabu tu, Chiriku alimsomea kibao chake. Fundi alijiona akipita sokoni, watu wakisema, yule mama wa Bluu huyo. Moyo wake ulivimba na akauacha uvimbe kidogo. Ni nani asiyependa kusemwa vizuri, hasa aliyekwisha kusemwa vibaya?

Mlinzi akawazuia getini.

"Mama, wageni ni Jumapili ya mwisho wa mwezi."

"Sikuja kama mgeni. Nimekuja kuitazama shule."

"Shule haitazamwi, mama."

"Baba, mimi hata nyanya sinunui bila kuibonyeza, ndiyo nitoe mtoto bila kutazama?"

Mlinzi akacheka lakini geti hakulifungua. Kwa wema wake aliwaacha wasimame kwenye wavu. Wakati huo kengele ililia, na wasichana wakatoka madarasani kwenda jengo jingine, wamepanga mstari, mikono ubavuni. Wasichana mia mbili walipita na haikusikika sauti isipokuwa viatu. Chiriku alishika wavu kwa mikono miwili. Karibu na mwisho wa mstari alipita msichana mrefu, mwembamba, kichwa chini, kola mdomoni. Fundi aliujua mshono kabla ya kuujua uso. Kola ile aliiweka yeye mwenyewe likizo iliyopita. Kisha akaujua na uso. Alikuwa binti wa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi.

"Twende," akasema.

"Mama, mbona hawaongei?"

"Twende, mwanangu."

Kijani ilikuwa mbali. Mabasi mawili, kisha kutembea nyuma ya kiwanda cha kusaga nafaka ambako vumbi lilikuwa jeupe kama poda. Ukuta wa shule ulikuwa haujapigwa lipu, na chumba kimoja cha mwisho kilikuwa bado hakina paa. Geti lilikuwa wazi. Hakuna aliyewazuia, na hilo nalo Fundi alilihesabia kasoro. Sauti zilitoka kila dirisha, kama soko.

Mwanamke mmoja kijana, viatu vimejaa udongo, aliwaona uwanjani akaja mbio.

"Wewe si ndiye uliyeniambia sisimizi wana mguu wa kulia na wa kushoto?" akamwambia Chiriku.

"Ndiyo, mwalimu. Sasa nimejua nilijuaje. Nilikisia."

"Safi. Wengi hawakiri. Shikamoo, mama."

"Marahaba." Fundi hakutaka kuzungushwa. "Mwalimu, mimi ndiye ninayerekebisha sare za mji huu. Bluu naletewa, Kijivu naletewa, Maruni usiseme. Za kwenu sijawahi kushika hata moja. Watoto wenu wanasoma kweli au wanakuja kuota jua?"

Mwalimu alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko hadi akashika kiuno. "Mama, njoo. Njoo uone mwenyewe."

Akawapeleka nyuma, kwenye chumba kirefu kilichokuwa stoo. Nusu moja ilikuwa na meza za mbao, chupa na taa za kuchemshia vitu. Nusu ya pili ilikuwa na cherehani nne kuukuu, na kwenye cherehani hizo walikaa watoto, wavulana na wasichana, wanashona nguo zao wenyewe. Mvulana mmoja mwenye mabega ya mbeba mizigo alikuwa akitia kiraka kwenye suruali huku ametoa ulimi nje.

"Kila Jumatano," mwalimu akasema. "Anayechana anashona. Tulianza kwa sababu wazazi wengi hapa wako viwandani, hawana nafasi. Ndiyo maana haziji kwako."

Fundi alikuwa ameshaanza kuzisoma nguo. Alipita nyuma ya watoto mmoja mmoja, akiinua mkono huu, akigeuza pindo lile, na hakuna aliyemkatalia, kwa sababu alishika kwa mkono wa anayejua. Viraka vilikuwa vibaya. Mungu wangu, vilikuwa vibaya! Vimekunjamana, uzi mweupe kwenye kitambaa cha kijani, mishono mirefu kama hatua za mlevi. Lakini chini ya viraka aliona yote aliyokuwa akiyatafuta. Mikono ya wasichana ilikuwa imeungua matundu madogo ya dawa za maabara, sawa kabisa na ya wavulana. Magoti yalikuwa na udongo, ya wote. Viwiko vimekwisha kwa kuegemea meza. Aliangalia kola. Aliangalia kola thelathini na zaidi. Zilikuwa chafu, zimefifia, mbili zimechanika. Hakuna hata moja yenye jino.

Kumbe shule aliyoipita kwa dharau miaka miwili na nusu ndiyo iliyokuwa ikichakaza nguo kuliko zote. Nguo hazikuja kwake kwa sababu wenyewe walikuwa wanajifundisha kazi yake.

"Hii inaruka mishono," yule mvulana wa mabega alilalamika, akiipiga cherehani kofi. "Mwalimu, hii imekufa."

"Usiipige!" Fundi akapaza sauti, na chumba kizima kikageuka. "Ondoka hapo, mwanangu. Cherehani haipigwi, si punda." Akakaa. Akatazama mara moja. "Nani aliyeweka sindano hii?"

"Mimi."

"Umeiweka kinyume. Unaona huu ubavu bapa? Unatazama huko, hautazami huku. Ukiuweka huku, uzi wa chini unapishana na wa juu, wanatafutana hawaonani." Akachomoa sindano yake kwenye ukosi wa koti, akaiweka, akakaza kwa kucha ya kidole gumba, akakanyaga. Mshono ukatoka umenyooka kama umepigwa rula. Watoto wakasogea, wakamzunguka. Akawaonyesha kukaza uzi, akawaonyesha kukata kiraka kufuata mkao wa nyuzi ili kisikunjamane. Alipotahamaki, saa nzima ilikuwa imepita.

Msichana mmoja aliinua kiraka chake cha pili, kimekaa sawa, akamwuliza, "Mwalimu, hivi?"

Fundi aligeuka kumtafuta huyo mwalimu. Yule kijana alikuwa amesimama mbali kabisa, mlangoni, anazungumza na Chiriku. Akaelewa kwamba anaitwa yeye. Akakichukua kiraka, akakitazama kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Hivyo hivyo," akasema. "Ila kona hizo zikunje kwanza."

Kabla hawajaondoka alimwuliza mwalimu swali lililokuwa likimkaba. Matokeo? Mwalimu hakumficha. Hawajawahi kufanya mtihani wa mwisho hata mara moja. Kundi la kwanza litafanya mwaka ujao. "Siwezi kukuahidi, mama. Nikikuahidi nitakuwa nakisia."

Ndani ya basi la kurudi Chiriku alizungumza tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Fundi alitazama dirishani. Waliposhuka ndipo aliposema, harakaharaka, kama mtu anayetema mbegu, "Nilikosea."

"Umesemaje, mama?"

"Umesikia."

"Sijasikia vizuri. Sema tena kidogo."

"Chiriku, usinichezee."

Ijumaa asubuhi waliitwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni. Karani alikuwa ameshafika, amekaa, amekunja nne. Fundi alibaki amesimama kwa sababu kiti kingine kilijaa mafaili, na karani hakuinuka.

"Wazazi, tusichukue muda," Mwalimu Mkuu akaanza. "Binti huyu ni fahari ya shule yetu. Bluu watampokea bila shaka. Ni miaka sita sijapeleka mtoto Bluu isipokuwa wangu mwenyewe. Fundi, naambiwa una wasiwasi."

"Sina wasiwasi, Mwalimu. Nimekwenda kuona. Mstari wa kwanza aandike Kijani."

Karani akapiga paja. "Mmemsikia? Shule isiyo na paa! Shule isiyo na hata mtahiniwa mmoja! Na unajua sababu yake, Mwalimu? Anasema watoto wa Bluu wanatafuna kola. Kola!" Akacheka kile kicheko chake, akimtazama Mwalimu Mkuu acheke naye.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi. Akainua macho, si kwa karani.

"Fundi," akasema polepole, "sketi ya mwanangu umeipunguza mara ngapi?"

Fundi hakuwa amekusudia kulisema hilo. Njia nzima alijiambia kwamba nguo ya mteja ni siri ya mteja, na mama huyu alikuwa mteja mwema. Ulimi wake mkali wote ukamwishia. Alimtazama karani, akatamani asingekuwepo.

"Mara tatu, Mwalimu."

"Huletwa na msichana wangu wa kazi. Mimi nikaambiwa ni zipu." Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Na kola?"

"Mbili."

Hata karani alijua kushusha mguu. Nje, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiimba hesabu za kujumlisha.

"Mwalimu," Fundi akasema, kwa sauti ya upole ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mama yake mbele za watu, "mimi si mtu wa kusema Bluu ni mbaya. Wapo wanaotoka pale salama. Nimeona maktaba yao, nimeitamani. Lakini huyu wangu ukimnyamazisha umemuua. Na Kijani hawana matokeo, kweli, wameniambia wenyewe bila kuzungusha. Nimeona kazi tu. Kazi naijua nikiiona."

"Mimi ni baba yake," karani akasema. "Nina haki."

"Fomu inasainiwa na mzazi anayeishi na mtoto," Mwalimu Mkuu akajibu, na sasa sauti yake ilikuwa ya ofisini kabisa. "Hilo limeandikwa hapa chini, bwana. Nadhani unaweza kusoma."

Kisha akamgeukia Chiriku, ambaye tangu aingie hakuwa amesema neno, jambo la ajabu. "Na wewe, binti? Wakubwa wamezungumza. Unataka nini, na kwa nini?"

Chiriku akamtazama baba yake, akamtazama mama yake. "Nataka Kijani, Mwalimu. Bluu ningefaulu, najua. Ningekariri na ningefaulu. Lakini kuna vitu vingi najibu na sijui nimevijuaje. Nataka kwenda mahali ambapo hawataniacha nijibu tu. Na baba," akasita, "nisipofaulu huko, ni mimi nitakuwa nimeshindwa. Si mama. Usimlaumu mama."

"Andika," Fundi akasema.

Chiriku akachukua kalamu, akainama juu ya meza. Fundi alisogea nyuma ya bega lake. Herufi zilimpita kama zilivyompita siku zote, lakini aliutazama mkono unavyokwenda, bila kusita, bila kufuta, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na aliona kwamba ni mkono wa fundi.

"Sasa soma kwa sauti," akamwambia.

"Mama, ni majina ya shule tu."

"Soma. Wasikie."

Chiriku akasoma, jina la kwanza kwa nguvu kuliko mengine. Mwalimu Mkuu akasogeza kidau cha wino. Fundi hakuona aibu kukinyooshea kidole gumba, mbele ya yule yule bwana aliyemwacha kwa ajili ya kidole hicho. Alibonyeza mpaka meza ikalia. Muhuri ukafuata.

Karani alikuwa ameinuka, anatafuta mahali pa kuweka mikono. Alionekana ghafla kama mtu aliyefika harusini na kukuta imekwisha.

"Sasa nitawaambia nini watu ofisini?" akauliza, na safari hii hakuwa anacheka.

Fundi alikuwa akifuta kidole kwa kipande cha kitambaa. Alikuwa na majibu kumi tayari, aliyoyanoa kwa miaka, kila moja lingemtoa damu. Akayapitia yote, akaona hayamfurahishi.

"Waambie mwanao yuko Kijani," akasema. "Wakikuuliza nani alimchagulia, waambie alichagua mwenyewe, na mama yake akakubali."

Akamshika Chiriku mkono, wakatoka. Kibandani wateja walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi, wengine wamekasirika, na wa mbele kabisa akauliza amekuwa wapi juzi na leo.

"Shuleni," Fundi akajibu, akafungua mlango.